Mrabaha wa Waridi na Familia ya Meilland: Jibu kwa Mwenye Kitalu wa Tengeru

Msomaji wetu kutoka Tengeru, mkoani Arusha, ametuandikia hivi: "Baba yetu alianzisha kitalu cha mawaridi, na sisi watoto wake ndio tunaokiendesha sasa. Mnunuzi mmoja ametuambia kwamba baadhi ya aina tunazozalisha zina wenyewe, na kwamba kila mche tunaouza tunapaswa kuulipia mrabaha. Alisema utaratibu huo ulisukumwa na familia moja ya Kifaransa iliyokuwa na kitalu kama chetu. Je, ni kweli? Inakuwaje mmea uliokua kwenye udongo wetu, kutokana na kikonyo tulichokata wenyewe, uwe mali ya mtu mwingine? Na je, mti wetu mmoja ambao umetoa tawi lenye maua ya rangi nyingine kabisa, tawi hilo ni la nani?"

Ndugu msomaji,

Aliyokuambia mnunuzi wako ni kweli kwa sehemu kubwa. Familia anayoisema ni ya Meilland, ya viunga vya mji wa Lyon, na majibu ya maswali yako yote yamo ndani ya historia yake. Kwa hiyo naomba univumilie niieleze historia hiyo kwanza, kisha tuje kwenye kitalu chenu.

Katika karne ya 19 Lyon ilikuwa mji wa familia za wakulima wa mawaridi. Huko ndiko Jean-Baptiste Guillot mdogo alikotoa, mwaka 1867, waridi aliloliita 'La France', ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika kundi la mawaridi chotara ya chai, yaani yale yenye ua moja kubwa juu ya bua refu, ambayo ndiyo mababu wa mengi yanayokatwa leo Arusha na Naivasha. Katika mji huohuo aliishi Joseph Rambaux, mtunza bustani wa Tête d'Or, bustani kubwa ya umma ya mji huo, ambaye alianza kuotesha mbegu za mawaridi kutafuta aina mpya. Alifariki mwaka 1878, na waridi lake linalojulikana zaidi, 'Perle d'Or', liliingia sokoni baada ya kifo chake kwa mikono ya mkwewe, Francis Dubreuil. Dubreuil alikuwa fundi cherehani. Alioa binti wa Rambaux, akajifunza kazi ya ukweni, akaacha sindano na kuwa mzalishaji wa mawaridi aliyeheshimiwa mjini.

Kwenye kitalu cha Dubreuil alifika kijana aliyezaliwa mwaka 1884 katika kijiji cha mkoa wa Loire, jina lake Antoine Meilland. Alikuja kama mwanagenzi, akamwoa Claudia, binti wa Dubreuil, na mwaka 1912 wakapata mtoto wa kiume waliyempa jina la babu yake, Francis. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Antoine na Claudia walinunua ardhi Tassin-la-Demi-Lune, magharibi ya Lyon, wakaanzisha kitalu chao.

Naomba uangalie vizuri jinsi ujuzi huo ulivyorithiwa: kutoka kwa Rambaux kwenda kwa Dubreuil, na kutoka kwa Dubreuil kwenda kwa Meilland, mara zote mbili kwa njia ya binti na mume aliyekuja kujifunza kazi. Katika familia nyingi za kwetu kitalu hufikiriwa kuwa cha watoto wa kiume, na wao wasipokitaka, kinauzwa au kinakufa. Mimi naamini kwamba uwazi wa familia zile za Lyon kwa mabinti na wakwe ndio uliookoa ujuzi wao. Wenzao wengine hawakubahatika. Joseph Pernet-Ducher, ambaye naye alioa binti wa mwenye kitalu na kuunganisha majina mawili, alitoa mwaka 1900 waridi 'Soleil d'Or' lililoingiza rangi ya manjano iliyokoza katika mawaridi ya bustani. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, Claudius na Georges, waliotarajiwa kumrithi. Wote wawili waliuawa katika vita vya 1914. Baba yao akawapa mawaridi mawili majina yao, 'Souvenir de Claudius Pernet' na 'Souvenir de Georges Pernet', na mwishowe kitalu kikaenda kwa Jean Gaujard, mtu wa nje ya familia. Usilisahau waridi la Claudius, kwa sababu damu yake inaingia katika hadithi yetu.

Francis Meilland alijifunza kupandisha mawaridi kutoka kwa Charles Mallerin, mhandisi wa mitambo ya kupasha nyumba joto aliyegeuka kuwa bingwa wa mawaridi. Ni vema nieleze kazi yenyewe, kwa sababu mtu ambaye hajaifanya huona mrabaha kuwa dhuluma, na aliyeifanya hata mara moja huona vingine. Ua la kike huchaguliwa kabla halijafunguka. Petali zake hung'olewa moja moja, kisha stameni zote, yaani sehemu za kiume zenye chavua, hukatwa kwa mkasi mdogo kabla hazijapasuka, ili ua lisijichavushe lenyewe. Chavua ya ua la kiume hukaushwa kwenye kisahani kikavu, nayo huchukuliwa kwa brashi laini au kwa ncha ya kidole na kupakwa juu ya stigma, yaani ncha za sehemu ya kike, zinapoanza kunata. Ua hufunikwa kwa mfuko wa karatasi, na karatasi ndogo yenye majina ya baba na mama hufungwa kwenye kikonyo. Tunda likiiva miezi kadhaa baadaye, mbegu hutolewa, huhifadhiwa kwenye ubaridi na unyevu, kisha hupandwa. Nyingi hazioti. Kila mche unaoota ni tofauti na nduguye, na karibu yote hutupwa: huu una ua dhaifu, ule unashikwa na ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, mwingine bua lake halisimami. Uliobaki hubebeshwa kwenye shina mama, yaani hupandikizwa juu ya mzizi wa waridi jingine, na kuangaliwa miaka kadhaa shambani. Kutoka siku ya chavua hadi siku ya kuuza mche wa kwanza hupita miaka saba, nane, hata kumi.

Mwaka 1935 Francis alifanya mseto ambao upande mmoja wa ukoo wake unalo lile waridi la Claudius Pernet, na upande mwingine waridi 'Margaret McGredy'. Mmoja wa miche uliandikwa kitabuni 3-35-40, yaani mseto wa tatu wa mwaka 1935, mche wa 40. Ua lake lilikuwa kubwa, la manjano laini yenye wekundu wa pinki kwenye kingo za petali, na majani yake yalikuwa ya kijani kizito yanayong'aa. Kabla vita havijafunga mipaka, vikonyo vyake vilikuwa vimepelekwa Ujerumani, Italia na Marekani, na kila nchi ikakipa kitu kilekile jina lake. Wajerumani waliliita 'Gloria Dei', Waitalia 'Gioia', nao Wafaransa waliliuza kuanzia mwaka 1942 kwa jina la 'Madame A. Meilland', kumbukumbu ya Claudia, mama yake Francis, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Marekani walilitangaza tarehe 29 Aprili 1945 mjini Pasadena kwa jina la 'Peace', yaani amani. Wengi huandika kwamba Berlin ilianguka siku hiyohiyo, lakini Berlin ilijisalimisha tarehe 2 Mei. Jina hilo halihitaji kutiwa chumvi: wiki chache baadaye wajumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa waliwekewa ua hilo vyumbani mwao, na hilo linatosha.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Waridi halizaliwi sawasawa kwa mbegu, na ndiyo maana nyinyi wenyewe hutumia vikonyo. Lakini jicho moja tu la waridi, yaani chipukizi lililo kwenye bua, likibebeshwa kwenye shina mama hutoa mti uleule, bila tofauti hata kidogo. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kichaka kimoja kinatoa macho 20 mazuri kwa mwaka. Mwaka unaofuata una vichaka 20, mwaka wa pili 400, mwaka wa tatu 8,000. Kwa hiyo aliyetumia miaka kumi kupata aina mpya alikuwa na msimu mmoja au miwili ya kuiuza kwa bei nzuri, kisha kila aliyenunua mche mmoja alikuwa mshindani wake. Hakuna sheria iliyomzuia. Dubreuil na Pernet-Ducher waliishi hivyo maisha yao yote, wakiuza miche ya kawaida ili kulisha utafiti wao.

Marekani ilikuwa imebadili jambo hili mwaka 1930 kwa sheria ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) za mimea inayozalishwa bila mbegu, na hataza ya kwanza kabisa chini ya sheria hiyo, mwaka 1931, ilitolewa kwa waridi litambaalo linaloitwa 'New Dawn'. Francis alisafiri Marekani miaka ya 1930 na kujionea jinsi mzalishaji alivyoweza kulipwa kwa kila mche uliouzwa. Mshirika wake huko, Robert Pyle wa kampuni ya Conard-Pyle huko Pennsylvania, alilisajili waridi 'Peace' na kukusanya mrabaha wake. Vita vilipokwisha na mawasiliano kufunguka, familia ya Meilland iliyokuwa imebaki na mashamba yaliyochoka ilikuta kwamba ina kipato Marekani kutokana na mmea ambao huko Ulaya mtu yeyote aliuzalisha bure.

Fedha hizo zilimpa Francis nafasi ambayo babu zake hawakuwahi kuipata. Aliachia kazi ya kuzalisha na kuuza miche kwa familia ya Richardier, wenzake katika biashara, naye akahamia Antibes, kwenye pwani ya Mediterania, kufanya kazi moja tu ya kutafuta aina mpya. Kule alikuwa na ukwe pia: mkewe, Marie-Louise, ambaye nyumbani waliita Louisette, alikuwa binti wa Francesco Paolino, mkulima wa mawaridi mwenye asili ya Italia. Mtaona kwamba mnyororo uleule unaendelea. Hata binti wa Francis, Michèle, baadaye aliolewa katika familia hiyohiyo ya Richardier.

Mwaka 1948 Francis aliwasilisha nchini Ufaransa ombi la hataza kwa ajili ya waridi jekundu, 'Rouge Meilland'. Ilikuwa ni hatua ya ujasiri, kwa sababu wanasheria wengi wa Ulaya walishikilia kwamba kiumbe hai hakiwezi kuwa na hataza, na wenye vitalu wengi walimwona kuwa mchoyo. Alizunguka nchi baada ya nchi akitetea hoja yake. Wakati huohuo waridi hilo lilizaa: lilipopandishwa na 'Independence' la familia ya Kordes ya Ujerumani lilitoa 'Baccara', lililotoka mwaka 1954, jekundu lenye mng'ao wa rangi ya chungwa, lenye bua refu lililonyooka na ua linalodumu kwenye chombo. 'Baccara' lilikuwa waridi la wakulima wa maua ya kukata, na nadhani biashara yote ya maua ya kukata tunayoifahamu sisi wa Afrika Mashariki imejengwa juu ya fikra iliyokuwa ndani yake: kwamba waridi la chombo ni zao tofauti na waridi la bustani, lenye wazalishaji wake na mikataba yake.

Francis alifariki kwa saratani tarehe 15 Juni 1958, akiwa na umri wa miaka 46. Hakuiona siku aliyoipigania. Tarehe 2 Desemba 1961 mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, ujulikanao kwa kifupi cha UPOV, ulitiwa saini mjini Paris, ukaanza kufanya kazi mwaka 1968. Kusema kwamba familia moja ndiyo iliyouleta ni kuzidisha, kwa sababu wazalishaji wa ngano, viazi na mboga nao walikuwa wakidai haki hiyo. Lakini miongoni mwa watu wa maua hakuna aliyesukuma kwa nguvu kama yeye.

Baada ya kifo chake ungetarajia kitalu kiyumbe. Mwanawe Alain alikuwa na miaka kama 18 tu. Mzee Antoine, babu, alikuwa bado hai, na Louisette akashika utafiti wenyewe. Mwaka 1963 walitoa waridi jekundu jeusi lenye harufu nzito, wakaliita 'Papa Meilland' kwa heshima ya mzee huyo, aliyeishi hadi mwaka 1971. Louisette mwenyewe ndiye aliyezalisha 'Bonica', kichaka kigumu cha maua madogo ya pinki kisichohitaji dawa nyingi, ambacho mwaka 1987 kilikuwa waridi la kwanza la aina ya kichaka kupata tuzo kuu ya mawaridi ya Marekani. Kituo chao cha utafiti leo kiko Le Cannet-des-Maures, kusini mwa Ufaransa, na bado ni kampuni ya familia.

Sasa tuje Tengeru. Tanzania iliingia katika mkataba wa UPOV mwaka 2015, baada ya kutunga mwaka 2012 sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Kenya ilitangulia mwaka 1999, na huko kazi hiyo husimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Kwetu msajili yuko chini ya wizara ya kilimo. Mche uliokua kwenye udongo wenu ni wenu: mnaweza kuufurahia, kuukata maua ya nyumbani, kuung'oa. Anachomiliki mgunduzi ni haki ya kuizalisha aina hiyo kibiashara, na haki hiyo ina mipaka mitatu ambayo lazima muifahamu.

Wa kwanza ni muda. Kwa mawaridi ulinzi hudumu kwa kawaida miaka 20 hadi 25 tangu kutolewa, kisha aina inakuwa ya wote. 'Peace', 'Baccara' na 'Papa Meilland' mnaweza kuzizalisha bila kumlipa mtu. Ila jihadharini na majina. Mawaridi mengi ya kisasa yana majina mawili: jina la aina, ambalo wazalishaji wakubwa hulianza kwa herufi za familia yao, kama MEIdomonac kwa 'Bonica' na MEIviolin kwa 'Pierre de Ronsard' (KOR ni Kordes, TAN ni Tantau), na jina la biashara, ambalo laweza kuwa alama iliyosajiliwa hata baada ya ulinzi wa mmea kwisha. Mmea waweza kuwa huru na jina lake lisiwe huru. Mkiuza, andikeni jina la aina.

Wa pili ni mahali. Haki hii hutolewa nchi kwa nchi. Aina isiyosajiliwa Tanzania haina ulinzi Tanzania, lakini maua yake yakipelekwa Uholanzi, ambako imesajiliwa, mwenye haki anaweza kuyazuia huko. Kama mnawauzia miche wakulima wanaosafirisha maua, jambo hili linawahusu moja kwa moja, na yumkini ndilo lililomfanya mnunuzi wenu awaambie aliyowaambia. Kumbukeni pia kwamba kama baba yenu aliwahi kutia saini mkataba alipopata miche ya kwanza, mkataba huo unawabana kwa masharti yake wenyewe. Tafuteni karatasi hizo kabla ya kitu kingine chochote, kisha andikeni orodha ya aina zote mlizonazo na kuipeleka kwa msajili.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, na ndio unaotofautisha haki hii na hataza za viwandani: aina iliyolindwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitumia kama mzazi wa aina nyingine. Mnaweza kuchukua waridi jipya kabisa la mtu, kulipandisha na la kwenu, na mche utakaozaliwa, ukiwa tofauti na thabiti, ni wenu. 'Baccara' ni tunda la kazi za familia mbili za nchi mbili zilizokuwa vitani miaka michache kabla. Tengeru na Arumeru zina mwinuko na ubaridi wa usiku ambao mawaridi huupenda, lakini aina nyingi zinazolimwa kwetu zilichaguliwa chini ya anga la Ulaya. Ningefurahi sana kuona kitalu cha familia ya Kitanzania kikichagua kwa ajili ya hali yetu, hasa uvumilivu wa ubwiri wakati wa mvua za masika.

Tawi lenu la rangi nyingine ni badiliko la asili la chipukizi. Hutokea mara kwa mara kwenye mawaridi: 'Chicago Peace', lenye pinki iliyokoza kuliko mama yake, lilionekana hivyohivyo kwenye bustani ya mtu binafsi huko Chicago na kutolewa sokoni mwaka 1962. Likateni jicho kutoka katikati ya tawi hilo, mlibebeshe kwenye shina mama, na mwangalie misimu miwili au mitatu kama rangi inabaki, kwa sababu mengi hurudi kwenye rangi ya zamani. Likidumu, umiliki wake unategemea mti mama. Kama mama ni aina ya zamani isiyolindwa tena, mnaweza kuliombea usajili kwa jina lenu, mradi halijauzwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi. Kama mama bado analindwa, mkataba wa UPOV wa mwaka 1991 ambao Tanzania inaufuata huliona badiliko la namna hiyo kuwa aina inayotokana na nyingine: bado mnaweza kulisajili, lakini hamwezi kuliuza bila idhini ya mwenye aina mama, na kwa kawaida mtagawana mrabaha. Kwa hiyo msiuze hata mche mmoja wa tawi hilo, wala kumpa jirani kikonyo chake, kabla hamjajua mama yake ni nani.